Vitu Vilipoanza Kurudi Mugeta

Mguu wangu wa kushoto ndio ulionipeleka Mugeta. Mimi mwenyewe nilikuwa na mipango mingine.

Nauza dagaa. Nachukua mzigo mwaloni Makoko, pale mitumbwi inaposhusha samaki, nafunga magunia kwenye pikipiki, napita Butiama, nashusha Bunda pale Manyamanyama, na nikibakiwa nasogea mpaka Mugeta kwa wafugaji, ambao wanakulaga dagaa huku wanalalamika kwamba siyo nyama. Kwenye njia hiyo yote tuna vikanisa vyetu vya Marafiki, wale ambao watu wengine wanawaita Wakweka. Karani wa mkutano wetu aliona kwamba mtu anayepita kote kila wiki, na kazi yake ni kupiga kelele, anafaa kubeba matangazo. Shule niliishia kidato cha pili, hesabu zilinitoa mbio, lakini sauti ninayo. Basi ndiyo mimi ninayesimama mwisho wa ibada, nasema nani kajifungua, nani kalazwa, Butiama wanaomba watu wa kuchimba choo cha kanisa, kina mama wa Bunda wanatafuta mtu wa kukaa na watoto Jumamosi. Nikisahau naongeza cha kwangu. Siku moja niliwahi kutangaza choo kwenye kanisa la watu wenye choo kizuri tu, wakaja na majembe.

Sasa kwetu hatupigi kura, na kwenye mambo ya kujitolea hatunyooshi mkono. Tangazo likishasomwa tunanyamaza. Kanisa zima, mpaka unasikia mabati yanavyolia kwa jua. Mtu akisukumwa moyoni anasimama. Hatoi hotuba, haulizwi kitu. Ukisimama, ni wewe.

Siku hiyo ya mguu tulikuwa Bunda, na tangazo la mwisho karani hakuniachia. Alisoma mwenyewe, polepole. Alisema Mugeta kuna mama yetu, mjane, amekuwa na Marafiki tangu usichana wake, na majirani wameanza kumrudishia vitu. Wanahitajika watu wa kwenda kukaa naye.

Kanisa likanyamaza kabla hata ya kuambiwa tunyamaze.

Mimi sikuelewa. Kurudisha vitu si ndiyo tabia nzuri? Makoko kuna mtu ana jembe langu, akilirudisha nachinja kuku. Nikawa nawaza hilo jembe, na ule mguu wa kushoto nilikuwa nimeukalia, ukafa ganzi kabisa. Nikasimama nikung'ute. Mama aliyekaa jirani yangu akanishika mkono, machozi yanamtoka, akasema Mungu akubariki, mwanangu. Nikataka kumwambia mama, ni mguu tu. Lakini karani alikuwa ameshafumbua macho na ananitazama.

Nje alinieleza. Huko wakitaka kukutoa kwenye mji wako, yaani boma lako, hawaanzi na matusi. Wanakurudishia kila walichowahi kuazima, kimeoshwa, ili yatakapoanza hayo mengine pasiwe na kitu chako nyumbani kwa mtu. Ng'ombe wa shemeji wa yule bibi mjane, mdogo wa marehemu mume wake, walikuwa wanakufa mmoja mmoja, na yule bwana alisema wanakufa wale waliopita mbele ya lango la bibi. Neno lenyewe, lile la kumwita mtu, hakuna aliyelitamka. Karani alikuwa ameenda ofisi ya kijiji. Walimkaribisha vizuri, wakampa kiti, wakamwambia arudi tukio likishatokea.

"Wanataka nini sasa?" nikamuuliza.

Akasema wamempa bibi mambo mawili, achague moja. Ahame, aache kiwanja walikozikwa mume wake na wanawe wawili. Au aje kwenye baraza la ukoo ale kiapo. Akiapa yanaisha.

"Si aape tu?"

Karani alinitazama kama nimeuliza kwa nini mvua inalowesha. Rafiki haapi. Mahakamani haapi, kwenye ukoo haapi. Anasema ndiyo au hapana, na hapo ndipo mwisho wa neno lake. Hilo nilikuwa nalijua, nilifundishwa, ila lilikuwa halijawahi kunigharimu kitu. Na mimi kwenye dagaa kila mteja namwambiaga haki ya Mungu ni wa leo.

Nilifika Mugeta na blanketi na kikopo cha sadolini kimejaa dagaa. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, akanipima kuanzia kiatu.

"Ndiye wewe waliyekuleta unilinde?"

"Ndiyo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe watakupiga kwa ungo tu."

Tulielewana kuanzia hapo. Alikuwepo na mama mmoja kutoka Butiama, mfuma vitambaa, aliyefika siku moja kabla yangu na ambaye hakuwaga muongeaji. Alifuma tu. Ukimsalimia anaitikia na sindano haisimami.

Vile vitu vilikuwa vimepangwa kando ya ukuta. Ungo, jembe, panga, sufuria kubwa ya msibani, taa ya chemli, kiti cha kukunja, dumu la maji. Vyote vimesuguliwa vinang'aa. Ile sufuria nadhani hata dukani haikuwa na weupe ule. Nikasema bibi, umefungua duka. Akasema lingekuwa duka ningekuwa na wateja. Vingine alikuwa ameshavisahau. Kuna kisu kilirudi ambacho alimpa mtu kabla mimi sijazaliwa.

Na viliendelea kuja. Mchana tunachambua mboga, unaona mwanamke anakuja na njia, anafika langoni, anaweka chini beseni au kikapu, anageuka. Hasalimii. Kule mtu anakusalimia tangu yuko shamba la tatu, anakuuliza mpaka habari za kuku. Hao walikuja kimya, wakaenda kimya, na waliweka vitu taratibu sana, kama mtu anayeweka kitu jirani na mtoto aliyelala.

Ng'ombe hawakupita tena mbele ya lango. Uliona vumbi lao likizunguka nyuma ya kilima, njia ndefu. Kisimani bibi alipewa nafasi ya kwanza. Wote walisogea pembeni, wakasogea mbali mno, ndoo zao wakaondoka nazo. Dukani nilienda kununua chumvi, muuzaji akasema imeisha, na mimi naiona nyuma ya bega lake. Nikamwambia basi nipe hiyo iliyoisha. Hakucheka. Mimi watu wanachekaga hata msibani, nikajua hapa pabaya.

Asubuhi moja tuliamka tukakuta ua wa minyaa umekatwa upande wa shemeji. Umekatwa vizuri, kwa panga kali, utomvu bado unadondoka. Siyo mwanya wa mbuzi wala wa mtu mmoja. Ulikuwa mwanya wa watu wengi kupita kwa pamoja. Nikasimama pale katikati nikanyoosha mikono yote miwili, sikugusa kulia wala kushoto. Mama wa Butiama akaacha kufuma.

Kitu kimoja tu kilikuwa hakijarudi. Kinu cha bibi kilikuwa uani, kikavu, hakina mchi. Mchi uliazimwa na mke wa shemeji yake, yule yule ambaye ng'ombe wa mji wake wanakufa. Bibi alikuwa anakitazama kile kinu kila akipita.

"Ule mchi ukirudi, mjukuu wangu," akaniambia, "wewe washa pikipiki yako."

Nikasema nitawasha na wewe utakaa nyuma. Akasema hawezi kukaa kwenye kitu kinachonuka dagaa.

Siku ya baraza tulienda alasiri, sisi watatu. Lilifanyika kwa shemeji, mbele ya zizi. Zizi lilikuwa kubwa na ndani kulikuwa na ng'ombe wachache wamejikunja upande mmoja, mmoja anakohoa kama mtu. Wazee walikuwa kwenye viti, watu wengine wamesimama. Chini mbele yao kulikuwa na kitu kimefungwa kwenye ngozi ya mbuzi. Sikuambiwa ni nini na sikuuliza, udadisi wangu una mipaka.

Waliongea kwa lugha yao, halafu mzee mmoja akawa anatafsiri Kiswahili kwa ajili yetu wageni. Alitafsiri kwa heshima kabisa. Hiyo heshima ndiyo iliyonitia baridi. Mtu anayekufokea bado mna maongezi.

Shemeji mwenyewe alikuwa mtu mzima, amechoka, macho mekundu kwa kukesha na mifugo. Hakuwa na sura ya mtu mbaya. Alisema hana ugomvi na mke wa kaka yake. Ashike kile kitu, aseme kwamba kama anahusika, kimle, kisha aende nyumbani.

Nikainama sikioni kwa bibi. "Apa tu, bibi. Mungu ataona ulibanwa."

Alinisukuma kwa kiwiko, akasimama. Aliongea kwa Kiswahili, nadhani alitaka na sisi tusikie.

"Sijaua ng'ombe wa mtu. Hilo ndilo neno langu. Nikiliongezea kiapo leo, ina maana yote niliyowaambia tangu nimeolewa hapa yalikuwa maneno matupu. Nilipowaambia mtoto wenu atapona, nilipowaambia nitalipa, nilipowaambia nawapenda. Hayo sikuyaapia."

Akakaa. Mzee akatafsiri kwa wasiojua, na ilimchukua muda.

Kisha akasema kwamba kwa desturi yao anayekataa kushika ameshajibu. Lakini nafasi bado ipo, mtu wa upande wake anaweza kushika kwa niaba yake. Akatutazama sisi wawili. Mama wa Butiama alikuwa ameangalia mikono yake, na yule mzee akabaki kunitazama mimi. Wakanyamaza wote. Nimekaa kwenye ukimya mwingi wa kanisani, wengine nimesinzia humo, lakini ule haukuwa ukimya wa kungojea moyo useme. Walikuwa wananingojea mimi. Nikatafuta utani kichwani, utani wowote, hata ule wa choo. Hakuna.

Nikasimama. Mguu haukuwa na kosa lolote safari hiyo.

"Mimi siapi," nikasema. "Ila nitaendelea kulala kwake."

Mzee akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika. "Basi na wewe tutakuhesabu wa mji ule."

Wakampa bibi muda mpaka mvua za kupandia zitakapoanza. Zikianza, asiwe pale. Na yakitokea ya kutokea, tusije kuwauliza.

Tulirudi kwa bibi. Jioni bibi alinikaripia nimeunguza maharage, nikashukuru.

Siku zilizofuata mawingu yakawa yanajikusanya upande wa ziwa kila mchana na kutawanyika. Sijawahi kuwaombea wakulima jua, lakini niliwaombea. Karani alileta watu wengine wawili, wakakaa kidogo, mmoja akaitwa na mke wake, mwingine akakumbuka ana harusi. Siwalaumu. Mimi mwenyewe dagaa wangu Makoko walikuwa wananikumbuka sana.

Halafu juzi mchi ukarudi.

Nilikuwa uani namenya mihogo. Nikamwona mke wa shemeji anapita kwenye ule mwanya wa minyaa, mchi uko begani, umeoshwa mpaka mti umekuwa mweupe kama mfupa. Nikapapasa funguo mfukoni. Pikipiki iko pale, bibi yuko mlangoni, na mimi napiga hesabu zilizonishinda shule, za watu watatu kwenye kiti kimoja.

Lakini hakuuweka langoni. Alikuja nao moja kwa moja mpaka kwenye kinu, akausimamisha ndani.

"Dada, nimeleta mchi."

"Nimeuona," akasema bibi.

Yule mama hakuondoka. Alisimama, ameshika ule mchi kama ndio unaomsimamisha.

"Kwangu kinu kimepasuka. Naomba nitwange hapa."

"Kinu chako hakijapasuka."

"Hakijapasuka," akakubali. Akatazama nyuma, akashusha sauti. "Ng'ombe walianza kukohoa tulipomleta yule dume wa mnadani. Kabla hawajapita hapa kwako. Nilimwambia mume wangu, akaniambia ninyamaze. Haki ya Mungu, dada..."

"Usiniapie," bibi akasema. "Umeshasema."

Bibi akaingia ndani, akatoka na mihogo mikavu kwenye ule ungo uliorudishwa, akamimina kinuni. Na yule mama akaanza kutwanga.

Mtu ambaye hajakaa kijijini hajui sauti ya kinu inafika wapi. Inafika kisimani, dukani, kwenye viti vya wale wazee. Na kule kila mtu anajua kinu cha nani kinaliaje, na wanajua kile kilikuwa hakina mchi, na wanajua mchi ulikuwa kwa nani. Mama wa Butiama alisogeza kigoda chake jirani na kinu, akaendelea kufuma. Mimi nikaendelea na mihogo, nikajikata kidole.

Haikupita muda shemeji akaja. Alisimama kwenye mwanya, mikono nyuma. Sikuona ameshika nini, wala kama ameshika kitu. Hakumwita mke wake. Nyuma yake lilikuwa limepanda wingu zito kutoka ziwani, na safari hiyo halikutawanyika. Mke wake alimwona. Mchi ulisimama juu kidogo, halafu ukashuka kwa nguvu kuliko mwanzo. Shemeji alisimama pale mpaka mihogo ikawa unga, kisha akaenda zake, na sisi hatujui ameenda kusema nini na kwa nani. Mke wake alilala kwetu.

Nimeshuka Makoko leo kuchukua mzigo. Kesho ni Jumapili, nitasimama mwisho wa ibada. Nitasema nani kajifungua, nani kalazwa. Halafu nitasema Mugeta bado wanahitajika watu, waje na blanketi, chumvi waje nayo, na mvua haijanyesha mpaka naondoka ila ilikuwa inanukia. Kisha tutanyamaza, na safari hii nitakaa vizuri, miguu yote miwili chini, niwaone wanaosimama.