Mlango wa Fundi Subiri

Fukuto likishalishika jiji, hakuna mwenye siri tena. Shati linatangaza yote mgongoni. Chumvi inalowa ndani ya kopo, njiti za kiberiti zinachubuka bila kuwaka, mkate wa jana unaota manyoya, na nguo zilizoanikwa asubuhi zinaanuliwa jioni mbichi vilevile. Mtu akitoka kuoga hajui anajifuta maji au jasho. Mawingu nayo hukaa juu ya mabati kutwa nzima yakitisha watu, na yasipomwaga kitu, mtaa mzima hulala umenuna.

Milango nayo hugoma. Mbao hunywa ule unyevu wa hewani zikavimba, na mlango uliokuwa ukifunguka kwa kidole unaanza kudai bega. Mafundi seremala wengi huo ndio msimu wao wa mavuno. Wanapita nyumba hadi nyumba na randa mkononi, wanakwangua hapa, wanakwangua pale, mlango unafunguka, kila mtu anaenda zake ameridhika. Fundi wa mtaa huu hakutaka kabisa. Aliyemwendea alipewa jibu lilelile.

"Subiri kipupwe. Mbao imevuta pumzi, baridi ikija itaitoa yenyewe. Nikiiranda leo, kipupwe utaniita tena uniulize hili pengo la paka limetoka wapi."

Alimwambia hivyo mwenye duka aliyeshindwa kufungua saraka yake, akamwambia mkunga ambaye kabati lilikuwa limezuia sare zake za kazi, na mama mkwe wake pia hakusalimika. Watu wakachoka, wakamwita Fundi Subiri, na yeye akaitika bila kinyongo. Kusema kweli hakukosea. Ila mtu mwenye haki asiyejua kunyamaza anachosha kuliko mkosaji, na fundi wetu kunyamaza hakukujua.

Mlango wa nyumba yake mwenyewe aliutengeneza mwaka aliooa. Ulikuwa wa mbao nene za mti mgumu, umechongwa majani pembeni kuanzia juu hadi chini, na ulifunguka kwa ndani. Ulikuwa fahari yake, na msimu wa fukuto ulikuwa aibu yake, kwa sababu hakuna mlango mtaani uliovimba kama huo. Nyumba ilikuwa na sheria: fukuto likiingia, mlango haufungwi kabisa. Kabari iliyoviringishwa kitambaa kikuukuu iliwekwa chini ili ubaki wazi kidogo, na wakati wa kulala ukafungwa kwa mnyororo.

"Nimeolewa na seremala," mkewe alizoea kusema, "na mlango wangu unafungwa kama zizi."

"Kinyozi hajinyoi, shemeji," alidakia mshona viatu, jirani wa ng'ambo ya njia, ambaye kibanda chake kilitazamana na mlango huo na ambaye hakuwahi kuona jambo la jirani lisilomhusu.

Basi mwaka huo, fukuto likiwa kileleni, binti wa pekee wa Fundi Subiri akapata mchumba. Binti alikuwa mshonaji wa sare za shule, na cherehani yake ilikaa chini ya feni iliyokuwa ikikohoa kuliko ilivyozunguka. Akaipeleka kwa kijana mmoja, fundi feni. Feni ikapona. Baada ya wiki ikaharibika tena, ikapona, ikaharibika. Mama mtu alipoona feni inabebwa kwenda kwa fundi huku bado inazunguka vizuri, akacheka peke yake jikoni, kisha akaenda kumweleza mumewe.

Kijana hakuwa na tatizo, alikuwa mpole na mchapakazi. Tatizo lilikuwa shangazi yake, ndiye aliyemlea tangu anatambaa, na bila neno lake ndoa isingekuwepo. Mama huyo alikwisha kwenda kuposa mahali kwa ajili ya mpwa wake mwingine. Wenyeji wakamwacha amesimama mlangoni wakimalizia kuvaa. Akageuka, akarudi kwake, na habari ile ikafia palepale. Tangu siku hiyo ilijulikana kuwa shangazi anasamehe yote isipokuwa kungojeshwa.

"Baba," binti alimwambia siku moja kabla ya ugeni, "nampenda. Mengine yote nakuachia wewe na mama. Nakuomba moja tu, shangazi yake asingojeshwe mlangoni."

"Mwanangu, nitamfungulia kabla mkono wake haujashuka," akajibu fundi. Alikuwa hajawahi kumsikia akisema nampenda kuhusu kitu chochote isipokuwa kitambaa.

Siku yenyewe akaamka na raha zake. Akautazama mlango wake, akaiona ile kabari na kitambaa chake, akaona haya. Wageni wa heshima wakute mlango umeshikiliwa na tambara? Akachota ndoo ya maji na sabuni, akausugua mlango jani moja baada ya jingine, akausuuza, akaufuta ukang'aa. Kisha akaiondoa kabari, akaiweka juu ya kabati, na akaufunga mlango kwa bega hadi ukaingia wote kwenye fremu, ili shangazi aukute mzima na majani yake yote.

Katikati ya fukuto, mlango umeoshwa kwa maji, na aliyeufunga ni yeye. Watu wengine huharibikiwa kwa kutojua, lakini fundi wetu aliharibikiwa kwa furaha, na furaha haisikilizi fundi.

Alasiri hodi ikapigwa.

"Karibuni, karibuni sana," akaitikia fundi, akashika kitasa, akavuta. Mlango haukusogea. Akavuta kwa mikono miwili. Akaweka mguu ukutani akavuta, kitasa kikamtoka mkononi, akaketi sakafuni bila kupenda. Mkewe akamtazama, kisha akatazama juu ya kabati, akaiona kabari.

"Umeufunga?" akanong'ona. "Wewe mwenyewe?"

Binti alikuwa amekwisha kukimbilia dirishani. Nyuma ya nondo aliwaona wageni. Shangazi alikuwa mama mnene, mwenye gauni jipya lililokwisha kushika mwili kwa jasho, mwavuli kwapani, akijipepea kwa leso. Nyuma yake kijana alikuwa amekumbatia zawadi, feni ya kusimama iliyofungwa utepe.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mmefungiwa, au tumefungiwa sisi?"

"Mlango umekaza kidogo, shangazi. Baba anafungua sasa hivi."

"Nimeambiwa baba yako anaitwa Subiri," shangazi akasema. "Sikujua kumbe ni amri."

Kijana akaiweka feni chini, akausukuma mlango. Ndani fundi na mkewe wakavuta. Hakuna kitu. Ng'ambo ya njia mshona viatu akaacha kiatu cha mtu kikiwa na sindano ndani, akaja na kigoda.

"Kaa, mama, usijichoshe," akasema. "Huyu atakufungulia kipupwe."

Watu wakacheka, maana tayari walikuwa wamejaa. Shangazi hakucheka. Tone la kwanza la mvua likampiga begani, nene na vuguvugu, akaufungua mwavuli wake taratibu. "Mwanangu," akamwambia kijana, "chukua feni yako twende."

Kijana hakuichukua. Alibaki ameegemea mlango kama aliyegandishwa. Binti naye dirishani akaachia nondo, akamgeukia baba yake. Hakulia wala hakusema zaidi ya neno moja.

"Baba."

Fundi Subiri akaingia chini ya kitanda, akatoka na nyundo na msumari mrefu. Akazigonga pini za bawaba, ya chini, kisha ya katikati, kisha ya juu, zikatoka zikilia. "Kijana!" akaita. "Sukuma upande wa bawaba, sukuma kama unaoa!"

Kijana akasukuma kwa nguvu zake zote. Mlango ukaguna, ukang'oka mzima kutoka kwenye fremu, na ukaingia ndani ukiwa na mkwe mtarajiwa juu yake na baba mkwe chini yake. Mtaa ukapiga makofi. Shangazi, aliyekuwa amekwisha kupiga hatua kadhaa kuondoka, akageuka akaona uwazi ulio mkubwa wa kumtosha na watu wawili wamelala chini wakiombana msamaha. Mvua nayo ikaamua kushuka yote kwa pamoja. Shangazi akakunja mwavuli, akaingia.

Hapo ingekwisha, lakini shangazi alipokwisha kuketi, kupewa kitambaa na maji baridi, alitazama alikotoka. Palipokuwa na mlango sasa palikuwa na nyuso. Walikuwemo mshona viatu, mwenye duka, mkunga na wengine wote wasio na kazi wakati wa mvua, wote wamejibanza chini ya paa la barazani wakimwangalia.

"Sizungumzi habari za mwanangu barabarani," shangazi akasema. "Fungeni mlango."

Fundi na kijana wakaunyanyua mlango, wakaurudisha, ukakataa. Umevimba, fremu ni ileile. Wakaubana, ukakataa tena.

"Mama yangu," fundi akaanza kwa unyonge, "huu mlango kwa sasa hivi, ungesubiri..."

Hakumaliza. Barazani kicheko kililipuka, na shangazi aliweka gilasi chini kwa namna ambayo kila mtu aliielewa. Fundi akamtazama binti yake, ambaye alikuwa amesimama karibu na cherehani akikunjakunja ukingo wa gauni lake la njano alilojishonea kwa siku hiyo. Akautazama mlango. Mwaka aliooa aliuchonga kwa mkono majani yale, na kwa miaka yote hiyo hakuruhusu hata msasa uuguse msimu wa fukuto. Roho ilimuuma, tusidanganyane, ilimuuma kweli.

"Leteni viti viwili," akasema. "Mke wangu, nipe randa."

"Amesema nini?" akauliza mkunga barazani.

"Amesema anaranda," mshona viatu akajibu, sauti imemshuka.

"Anaranda? Fukuto hili?"

"Anaranda."

Mwenye duka akavua kofia. Nadhani alikusudia mzaha, lakini aliishikilia kifuani mpaka mwisho.

Wakaulaza mlango juu ya viti katikati ya sebule, miguuni pa shangazi, na fundi akaanza. Randa ilipita mara ya kwanza ikalia kwa uzito, mara ya pili ikaanza kuteleza, na maranda yakawa yanajikunja na kudondoka, meupe, yana harufu ya mti mbichi baada ya miaka yote ile. Jasho lilimtiririka likadondokea kwenye mbao. Kijana, akitaka kumsaidia mkwe wake na akijua kazi moja tu duniani, akaufungua utepe, akaichomeka feni, akaiwasha kwenye namba ya mwisho.

Maranda yote yakaruka. Yakajaa sebuleni na kuzunguka juu ya vichwa, kisha yakashuka juu ya watu walioloa jasho na mvua, yakanata. Mama mwenye nyumba akaota ndevu. Binti akafunikwa nywele zote. Shangazi alipigwa uso mzima, akabaki ameketi wima, mashavu yote mawili yamejaa maranda kama mkate uliopakwa nazi. Ikasikika feni peke yake.

Kwanza tumbo lilitikisika, kisha mabega, halafu kiti kikaanza kulia chini yake. Shangazi alicheka hadi machozi yakachimba njia kwenye maranda. "Endelea kuranda, ndugu yangu," akasema alipopata pumzi. "Ongeza kidogo upande huu. Mimi si mwembamba, na nitakuwa nakuja hapa mara kwa mara."

Binti alilisikia lile neno "mara kwa mara", akaketi kwenye kiti cha cherehani yake, akalia sasa. Mlango ulifungwa siku hiyo kwa kidole kimoja. Barazani walibaki na mvua yao, na ndani yakazungumzwa yaliyozungumzwa.

Harusi ilipita, kipupwe kikaingia, na mambo yakawa kama fundi alivyokuwa akiwahubiria watu miaka yote. Mbao ilitoa pumzi, mlango ukanywea, pengo likafunguka upande wa kitasa, refu, linapitisha upepo na mwanga. Wateja wake aliwajibu vilevile kama zamani, wala hawakumsumbua, maana ushahidi ulikuwa hapo kwake, yeyote aliutazama bure.

"Utapigilia lini kipande hapo?" mkewe akauliza akiwa amejifunika khanga mbili. "Baridi inaniingia."

"Subiri fukuto, litajaa lenyewe."

Lakini hiyo haikuwa sababu. Fundi alikuwa amehamisha kiti chake, akakiweka mahali ambapo kupitia pengo lile aliweza kuona kipande cha njia. Siku za mapumziko, akiisha kufunga karakana, alikaa hapo akijifanya ananoa patasi. Kila rangi ya njano ilipopita kwenye pengo, yeye alikuwa amekwisha kusimama na mlango umefunguliwa wazi, mkono wa binti yake bado uko hewani.

"Baba jamani," binti akalalamika siku moja, huku mumewe akicheka nyuma yake. "Hata hodi huniachi nipige?"

"Si uliniomba mwenyewe," akasema fundi, akamvuta ndani, "mtu asingojeshwe mlangoni."