Mama, Tingatinga na Shemeji Yangu

Miaka ya tisini, machimbo ya kokoto yaliyokuwa juu ya boma letu, kando ya msitu wa Kakamega, yalitaka kupanuliwa hadi kwenye chemchemi yetu. Hoteli ya watalii iliyokuwa jirani ilimwandikia chifu barua moja kulalamikia vumbi. Sisi tuliandika tatu, zote kwa mwandiko wangu. Chifu alizisoma, akausifu mwandiko, kisha akatushauri tutafute maji kwingine.

Nilikasirika hadi nikashindwa kula. Chemchemi ikifukiwa, mama angechota maji mtoni, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, na magoti yake yale.

Waswahili husema mgeni hana macho, na tajiri wa machimbo hakuwa mtu wa kwetu. Alitaka dereva wa tingatinga ambaye majirani hawangemrushia mawe, akamwajiri mume wa dada yangu. Hakuna aliyemwambia kwamba kwetu mwanamume hamkaribii mama mkwe wake. Hampi mkono, hali chakula mbele yake, na wakikaribia kukutana njiani mmoja hujitosa kwenye miwa.

Asubuhi ya kwanza mama alibeba kigoda na ungo wa kunde, akaketi katikati ya njia ya kwenda chemchemini. Shemeji alipomwona alizima injini, akaruka chini, akatokomea kwenye miwa.

"Kwani mama mkwe ni askari?" tajiri alifoka.

"Afadhali askari, mzee," miwa ikajibu.

Ikawa hivyo kila siku. Kumbeba mama kwa nguvu tajiri aliogopa, maana soko zima lilikuwa likija kutazama. Chifu naye alikuja kumsihi aondoke.

"Mimi siko na fujo," mama alimwambia. "Nachambuanga tu mboga yangu."

Wiki ya tatu shemeji alifutwa kazi. Lakini mvua ya masika ilikuwa imeanza, malori yakazama kwenye matope, na tajiri akaenda kuchimba kwingine.

Mama alijigamba hadi kanisani: amemshinda tajiri, amemshinda na mkwe! Hata hivyo moyo ulimsuta, akanituma nimpelekee mkwe jogoo. Nilimkuta shemeji akilima shamba la jirani kwa kibarua. Nilimwomba radhi kwa kazi aliyopoteza kwa ajili ya kigoda cha mama.

Akaegemea jembe, akacheka.

"Shemeji, wewe umesahau haraka. Ile njia ya nyuma ya kanisa ni pana. Tingatinga ingepita huko, na mama singemuona hata siku moja."

"Sasa mbona hukupita?"

"Maji ni ya sisi wote." Akampokea jogoo. "Lakini usimwambie. Wacha ashinde."

Nilipofika nyumbani mama aliniuliza mkwe wake amesema nini.

"Amesema umemshinda," nikamjibu.

"Si nilijua!" akasema mama, akajitwika mtungi kwenda chemchemini.