Siku Bibi Alipopanda Jukwaani

Mimi ni mtu wa kinyaa, na sijawahi kuomba radhi kwa hilo. Glasi ya mgahawani naisuuza kwanza kwa maji yangu. Nikimwona mtu analamba kidole ndipo afunue kitabu cha nyimbo, kitabu hicho sikishiki tena. Kwa hiyo nilipojiunga na kikundi cha maigizo ya kuimba cha Musoma, watu wa mtaani kwangu Kabasa, kule Bunda, wanaonijua kama fundi cherehani asiyeruhusu mteja ajaribu nguo kabla ya kunawa, walicheka.

"Utawezana na wale?" dada wa saluni ya jirani aliniuliza. "Wanaazimanaga mpaka soksi."

Alisema kweli. Sanduku la mavazi lilinuka makwapa ya watu wasiopungua kumi. Rangi ya midomo ilikuwa moja, inatoka mdomo huu inaingia mdomo ule, na aliyetoka kutafuna karanga hakujali hata kujipangusa. Nilinunua yangu nikawa naificha kwenye sidiria. Ukumbi wetu pale Iringo, mjini Musoma, ulikodishwa kwa harusi kila Jumamosi, na sisi tulifanya mazoezi Jumapili baada ya ibada, kwa hiyo tuliimba katikati ya harufu ya pilau iliyolala na bia iliyomwagika. Kila nikirudi Bunda nilioga kabla ya kumsalimia mtu.

Nilivumilia kwa sababu ya wimbo mmoja. Igizo lilihusu binti anayeondoka kijijini kwenda kusoma, na karibu na mwisho jirani yake anamwimbia wimbo wa kumuaga. Jirani nilikuwa mimi. Peke yangu, bila ngoma wala kinanda. Kwenye kwaya ya kanisa nimeimba sauti ya pili miaka yote, nimesimama mstari wa nyuma, nimefunikwa na mabega ya wenzangu. Bibi yangu wa Butiama, ambaye ndiye aliyenifundisha kuimba, hakuwahi kunisikia nikiimba mbele za watu kwa sauti yangu mwenyewe. Macho yake yanaanza kufifia na miguu inamsumbua. Nilitaka anisikie kabla hajashindwa kusafiri. Sikutaka kitu kingine kwa kikundi kile.

Bibi huyu lazima nimweleze. Alizaa mabinti watupu. Mabinti wakaolewa, ng'ombe wakaja, na kwa ng'ombe hao bibi akamwoa mama yangu, ili azae wajukuu na nyumba isife. Kwetu huitwa nyumba ntobhu. Mama aliolewa kwa jina la mtoto wa kiume ambaye bibi hakuwahi kumzaa. Huyo ndiye baba yangu. Jina lake liko kwenye vyeti vyangu vyote, na hajawahi kuvuta pumzi hata moja. Mwanamume aliyehusika alikuwa mtu wa kijiji jirani, alikuja akaenda, wala sina neno naye. Nimelelewa na wanawake wawili, mmoja anakamua, mmoja anapalilia, na sikuwahi kujiona nimepungukiwa.

Mama alipenda kunisimulia siku aliyoletwa. Alikaa chini sakafuni, macho yameinama, kama bibi harusi yeyote mwenye adabu. Bibi akamwinua. Akafungua kitenge chake mwenyewe akamfunga nacho kiunoni, kisha akamkalisha kwenye kigoda chake, kigoda ambacho hata mabinti zake hawakuthubutu kukikalia. Akamwambia, "Mwenye nyumba hakai chini." Mama sasa ni marehemu. Kigoda bado kipo.

Siku moja kabla ya onyesho nilikwenda Musoma nikalale huko, niamke na sauti iliyopumzika. Nilikuwa sijawahi kulala mji mwingine peke yangu bila msiba wala harusi kunipeleka, na nilijiona mtu mkubwa. Gesti ikanishusha haraka. Sabuni ya bafuni ilikuwa na nywele ya mtu. Shuka lilikuwa na doa ambalo sikutaka kulifikiria, nikatandika kanga zangu mbili juu yake nikalala kama gogo la mti, mikono kifuani, nisiguse kitu.

Lakini asubuhi, baada ya ibada, nilitembea peke yangu mpaka ziwani. Hakuna aliyenijua, hakuna aliyeniuliza suruali yake itakuwa tayari lini. Niliimba wimbo wangu polepole nikitazama maji, na sauti ilitoka vizuri. Ile asubuhi naikumbuka kwa furaha, na ndiyo furaha pekee ya safari ile.

Saa sita mchana nilimpokea bibi stendi. Alikuja peke yake kutoka Butiama, kavaa gauni la kanisani na kitenge kipya juu yake, na alikuwa ameshamweleza kondakta kwamba mjukuu wake ni mwimbaji. Nilimkalisha ukumbini kiti cha mbele kabisa, nikaenda nyuma ya pazia kuvaa.

Hapo nikamkuta kiongozi wetu, kijana aliyesomea sanaa Dar es Salaam akarudi na tabia ya kuvaa skafu kwenye joto. Wiki kadhaa nyuma aliniagiza nimshonee gauni pana na mto wa duara wenye kamba. Nilidhani mto ni wa kuweka kwenye kiti. Sasa alikuwa amevaa lile gauni, na mto ameufunga matakoni.

"Nimeongeza kipande cha kuchekesha," aliniambia. "Bikizee anaoa mwanamke. Nyumba ntobhu. Bikizee ni mimi, bibi harusi ni wewe. Unapiga magoti tu, huna maneno."

"Kwa nini mimi?"

"Una sura ya kijijini. Wewe ndiye utafaa."

Nikamwambia nimezaliwa kwenye nyumba ya namna hiyo, na aliyelipa ng'ombe amekaa pale mbele, kiti cha kwanza. Nilidhani ataona aibu.

"Safi sana!" akasema. "Basi utaigiza kwa uhalisia. Mama, huu ni utamaduni wetu, tunautangaza."

Nikamwambia atafute mwingine. Akasema sawa, ila asiyecheza kipande kile haimbi wimbo wowote, na wimbo wa jirani unaweza kuimbwa na mtu mwingine. Nilichungulia kwenye pazia. Bibi alikuwa amenyoosha shingo, mikono imeshika mkoba magotini, anatafuta uso wangu kwenye jukwaa tupu. Nikakubali, huku nikimchukia yule kijana mpaka kwenye vidole vya miguu.

Nilipiga magoti kwenye mbao ambazo hazijapata deki tangu harusi ya jana. Akatoka akitikisa ule mto, na ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Akaimba kwamba ng'ombe ametoa, mjakazi amepata. Kisha akanishika taya, akanifungua mdomo akanihesabu meno, kama wafanyavyo mnadani. Vidole vyake vilikuwa na mafuta ya sambusa. Nikayaonja. Watu walipiga meza kwa kucheka, watu wazima, wakristo waliotoka kusalimiana kwa amani asubuhi ileile, na wengi wao, naapa, wana shangazi au bibi aliyeoa vilevile huko walikotoka. Niliwaona wote wachafu kuliko lile shuka la gesti.

Ndipo bibi akasimama.

Watu wakapiga vigelegele. Walidhani anakuja kutunza, maana kwetu mtu akiguswa na mchezo hupanda jukwaani kumpa mchezaji noti. Kiongozi naye alidhani hivyo. Alikatisha wimbo, akakinga kiganja huku akizidi kutikisa mto. Bibi alipanda ngazi kwa kushika ukuta. Akampita. Akafika kwangu, akafungua kitenge chake, akanishika mkono akaninyanyua, na nguvu za mkono ule sijui alizitoa wapi. Akanifunga kile kitenge kiunoni. Akaangaza macho, akaona kiti cha kiongozi kando ya pazia, akakivuta, akanikalisha.

"Mwenye nyumba hakai chini," alisema kwa lugha yetu.

Waliomwelewa wakanyamaza. Wengine wakaendelea kucheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Bibi akamgeukia kiongozi.

"Na wewe baba, vua huo mto," akamwambia kwa Kiswahili. "Mimi ndiye niliyeoa. Sikuwaga na makalio ya hivyo."

Kicheko kikawa kikubwa kuliko vyote vya siku ile, na kijana akainama kwa watazamaji akikipokea kama chake. Hata kuelewa hakuelewa. Nilimshika bibi mkono, tukashuka ngazi, tukapita katikati ya viti mpaka nje. Nyuma yetu walikuwa wanapiga makofi.

Stendi tulisubiri gari la Butiama. Unaijua stendi jioni: maganda ya miwa, makohozi, beseni la dagaa lililojaa nzi, na chini hapakaliki. Bibi miguu ilimshinda, akataka kuketi hapohapo kwenye ukingo wa mtaro. Nikaweka chini begi langu, begi ambalo hata mume wangu haruhusiwi kulilaza sakafuni, nikamkalisha juu yake.

Alikaa akipangusa miwani kwa pindo la gauni. Mimi bado nilikuwa na ladha ya yale mafuta mdomoni. Nilitema mate, mimi nisiyetemaga mate barabarani.

"Sasa wewe," akauliza, "umeimba saa ngapi?"

"Sikuimba, bibi."

"Si nilikuja kukusikiliza?"

"Tumeondoka kabla."

Akavaa miwani. Akaniangalia kuanzia kwenye kitenge chake kiunoni mwangu mpaka usoni.

"Basi imba. Mimi nipo."

Nilitazama pembeni. Mpiga debe alikuwa anachokonoa meno kwa kadi ya simu. Mama wa dagaa alinikodolea macho. Hapakuwa na mahali safi pa kusimama, nikasimama palepale kati ya maganda ya miwa, nikaimba wimbo wote.