Jina la Mtoto wa Soko la Magwagwa

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, Bitutu alipita katikati ya vitanda vyetu akitusalimu mmoja mmoja. Hakusema "amkeni" kama watu wengine. Alishika kidole kikubwa cha mguu, akakivuta kidogo, akataja jina lako na mwenye jina.

"Ongeri, jina la babu yako mfuga nyuki. Umelalaje?"

"Nyanchera, jina la nyanya yako wa Mosocho, yule wa kucheka. Jua linakuja."

Nyanchera ni mimi. Nyanya huyo sikumwona, alikufa kabla sijazaliwa. Lakini Bitutu alikuwa amewauliza watu walionileta, akaliweka moyoni.

Tulikuwa watoto ishirini na watatu katika nyumba ile ya kanisa, juu ya Magwagwa, mwaka wa 1969. Wengine tulifiwa, wengine kwao hakukuwa na chakula. Bitutu alikuwa mpishi wetu. Mumewe alikufa bila kumwachia mtoto, naye akaacha nyumba yake huko upande wa Nyamira, mwendo wa nusu siku, akaja kupikia watoto wa watu uji wa wimbi. Tulimwita Magokoro, ndiyo nyanya kwa Kigusii. Mtoto mpya akiletwa, aliuliza kwanza, "Ameitwa kwa nani?" Maana kwetu mtoto hupewa jina la mtu wa ukoo aliyekwisha kufa. Ukijua jina umejua watu wake.

Kitanda kimoja tu alikipita kimya. Mtoto wa hapo aliokotwa sokoni, kando ya mikungu ya ndizi, watu wamekwisha kwenda nyumbani. Alikuwa na mwaka mmoja hivi. Mwalimu Abner, msimamizi wetu, alimwandika Andrew kitabuni. Jina zuri la kanisa, lakini halikuwa la mtu tunayemjua. Magokoro alimshika kidole, akakiachilia.

Mwezi wa tano surua ikatuingia. Wengi tulipona. Andrew akakataa kula, siku moja, siku mbili. Magokoro alimpakata jikoni, kijiko mkononi.

"Andrew. Andrew, baba."

Mdomo umefungwa. Mimi nilikuwa namenya ndizi. Nikamwona Magokoro anatazama mlango kama mtu anayetaka kuiba, halafu akanong'ona, "Nyasani. Nyasani, kunywa."

Mtoto akafungua mdomo. Labda alisikia kiu tu, sijui.

Nyasani alikuwa baba mkwe wa Magokoro, mzee aliyekufa miaka mitatu nyuma, na jina lake lilikuwa halijapewa mtoto yeyote. Kuanzia siku ile kitanda kile hakikupitwa. "Nyasani, jina la mzee aliyenijengea nyumba. Umelalaje?"

Ongeri hawezi kukaa na neno. Siku ya soko aliwaambia wanawake wa ndizi, na wanawake wa ndizi wana miguu. Wiki mbili baadaye Ombati, shemeji yake Magokoro, alisimama mlangoni pa jikoni na koti lake la kanisa na viatu vya mpira.

"Shemeji, nasikia umemzaa baba yangu hapa jikoni."

"Karibu uji, Ombati."

"Sitaki uji. Wanangu watatu walizaliwa mzee akiwa hai, nikalingojea jina lake. Sasa linapewa mtoto wa sokoni! Kesho ataniambia shamba ni lake."

"Huyu? Hata tumbo lake bado hajui ni lake."

Tukacheka. Ombati hakucheka.

"Jina la Nyasani halilali nyumba ya watoto. Ama ulitoe leo, ama mtoto alale nyumbani kwa Nyasani."

Alisema hivyo kwa kuwa alijua Magokoro hawezi. Nyumba ya Magokoro ilikuwa inavuja, na Ombati alikuwa amepanda chai mpaka ukutani.

Magokoro akaweka mwiko chini. "Mwalimu Abner! Njoo usikie shemeji yangu anavyosema."

Mwalimu akaja na kitabu kwapani. "Rudia, mzee wa kanisa."

Ombati akatutazama. Tulikuwa tumejaa mlango wote, midomo wazi, na nyuma yetu wanawake wawili wa kuni.

"Nimesema... alale nyumbani."

"Nyumba gani?"

"Yangu," Magokoro akasema. "Ile yenye chai mlangoni. Nitapita katikati ya chai."

Ombati aliondoka bila kuaga. Ndipo Mwalimu Abner akamgeukia Magokoro, akatuonyesha sisi kwa mkono. "Na hawa?"

Magokoro akaokota mwiko. Jioni ile uji uliungua, mara ya kwanza tangu nimjue, tukaunywa hivyo hivyo. Hata Ongeri alikunywa.

Barua ya chifu ya kumruhusu Magokoro amchukue mtoto ilichukua wiki tatu. Ilipofika, Mwalimu Abner alifungua kitabu, akaandika Nyasani mbele ya Andrew.

Asubuhi ya mwisho Magokoro alitusalimu polepole. Alipofika kwangu hakuachilia kidole.

"Nyanchera, majina ya hawa unayajua?"

"Nayajua."

"Na wenye majina?"

"Nawajua."

"Sema."

Nikasema, kitanda kwa kitanda. Alinisahihisha mahali pamoja tu: babu wa Ongeri alifuga nyuki, hakuiba asali, hayo ni maneno ya majirani.

Halafu akamfunga Nyasani mgongoni, akachukua mwiko na jembe.

"Magokoro, utarudi lini?" Ongeri akauliza.

"Baada ya Sabato. Nije nichukue sufuria yangu."

Tulimtazama akishuka, kichwa cha mtoto kikicheza mgongoni. Kwenye kona hakugeuka. Sabato ikapita, na nyingine, na sufuria ile ndiyo tunayopikia uji mpaka sasa.