Niliandika Shamba la Mama kwa Jina la Baba

Kosa ni langu. Msimlaumu Mdachi, msimlaumu akida, wala msiseme ni shetani. Mkono ulioandika ni huu huu ulioshika kalamu sasa. Jina langu nalificha kwa sababu mama yangu yu hai, na aibu aliyoipata yamtosha.

Nimekwisha kuungama kwa padri. Aliniambia nisali, nikasali. Shamba halikurudi. Ndiyo maana nawaambia ninyi, wasomaji wenzangu.

Mimi ni karani wa boma hapa Morogoro. Nilizaliwa milimani, upande wa Matombo, nikasoma kwa mapadri, na hati yangu ni nzuri. Hilo hata wanaonichukia wanakubali. Kwetu Uluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Bibi humwachia mama, mama humwachia binti, na mjomba ndiye msemaji wao. Mume akija kuoa, hulima shamba la mkewe. Atalima, atakula, lakini si lake.

Baba yangu alikuwa mume wa namna hiyo. Alitoka Ukutu, kule bondeni, akiwa kijana. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jamani, baba alipewa jembe akazeeka nalo! Yeye ndiye aliyechimba matuta kwenye mteremko wetu, yeye ndiye aliyepanda migomba kando ya kijito. Na kila pombe ikinywewa, shemeji zake walimtania: "Shemeji, ukimaliza kupalilia funga mzigo, njia ya Ukutu unaijua!" Baba alicheka nao. Mimi nilikichukia kicheko kile tangu utoto.

Basi Mzungu mmoja akataka ardhi kwetu apande mpira. Boma likamtuma Bwana Mpima, na mimi nikaenda naye. Kazi yangu ilikuwa kutafuta wenye mashamba: nani analo sasa, nani alikuwa nalo kabla yake, na kabla ya huyo. Kwanza nitazame kitabu cha kodi, kisha niwaulize wazee na kumfasiria Bwana. Yeye alijua Kiswahili, Kiluguru hakujua hata neno.

Alituambia mapema kwamba wenyeji wa siku nyingi wataachiwa mashamba yao. Nililisikia neno hilo vizuri. Nikajiambia, baba naye ni mtu wa siku nyingi. Amekuwapo pale umri wangu wote!

Kwa jirani zetu nilifanya kazi safi. Kitabu cha kodi kilikuwa na jina la mume tu, maana yeye ndiye mlipaji. Nikawauliza wazee, wakanitajia wajomba na mabibi, watu watano, nikawaandika wote kwa mpango. Bwana Mpima akanisifu.

Siku ya tatu tukafika kwetu. Mjomba alikuwa amevaa kanzu iliyofuliwa, amesimama penye makaburi ya ukoo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia kwa furaha. "Andika, mpwa wangu," akasema kwa Kiluguru. Akaanza na bibi wa kwanza aliyeufyeka msitu ule, akashuka mmoja mmoja, saba kwa hesabu, mpaka akamfikia mama.

Bwana Mpima akaniuliza, "Anasemaje?"

Kitabu cha kodi kilikuwa wazi mkononi mwangu. Kwenye mstari wa nyumba yetu lilikuwapo jina la baba peke yake. Nikainua macho, nikamwona baba mwenyewe nyuma ya watu wote, ameshika jembe kama kibarua. Moyo ukaniuma. Nikasema kwa Kiswahili, sauti chini: "Bwana, anasema shamba ni la baba yangu. Kitabu nacho kinasema hivyo."

"Na kabla ya baba yako?"

"Alilianza mwenyewe, Bwana."

"Ametoka wapi?"

"Ukutu."

Nikaandika mstari mmoja. Nilifurahi, Mungu anisamehe! Niliona nimemvika baba nguo mbele za watu. Mjomba akaniuliza, "Umeyaandika yote?" Nikamjibu, "Yote, mjomba."

Masika yalipokwisha, barua ikaja bomani, na mfungua barua ni mimi. Majirani wote wameachiwa. Shamba letu limekuwa la serikali, na amepewa yule Mzungu wa mpira, kwa kuwa mwenye shamba ni mgeni aliyetoka Ukutu na kabla yake hapakuwa na mtu.

Niliisoma mara mbili. Sikulia. Niliikunja, nikaenda kula, na chakula nilikimaliza.

Nikaenda kwa Bwana Mpima kusema kweli. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Uliniongopea siku ile, au unaniongopea leo?" Akaniambia kitabu kimekwisha kufungwa.

Nikaipandisha barua ile milimani, nikawasomea uani. Mjomba akauliza, "Majirani nani aliwaandika?"

"Mimi, mjomba."

"Na sisi?"

Nikaeleza yote. Mama alikuwa anapeta mpunga. Akauweka ungo chini. "Mimi umeniandika wapi, mwanangu?"

"Sikukuandika, mama."

Akauokota ungo, akaendelea kupeta. Aliyepiga kelele ni baba, mtu ambaye sijapata kumsikia akipaza sauti. "Nani alikutuma? Nilikuambia nataka shamba? Walikuwa wananitania kwa sababu mimi ni wao! Mgeni hataniwi! Leo ndiyo umenifanya mgeni!"

Ole wangu! Miaka yote ile kumbe kicheko chake kilikuwa cha kweli.

Hakuna aliyemfukuza. Alikaa siku chache akiwakwepa shemeji zake, kisha akafunga mzigo akaenda Ukutu, na njia kweli aliijua. Mama hakumfuata. Analima kipande cha kuazima, mawe matupu. Makaburi yetu sasa yamo ndani ya shamba la mpira, na ukitaka kuyafagia uombe ruhusa kwa msimamizi. Mjomba nikimwamkia anaitikia marahaba, basi. Hata kunitukana hataki.

Mimi niko bomani. Naandika, napokea mshahara, nalala. Tangu siku ya barua ile sijasikia uchungu wala furaha, mwili umekufa ganzi mpaka moyoni.

Makarani wenzangu, nawaonya. Mzee akitaja watu saba, andika saba, hata kama mkono umechoka na Bwana ana haraka. Kitabu cha kodi kinamjua mlipaji, hakimjui mwenye ardhi. Waandikeni wanawake! Na usijifanye unaujua uchungu wa mtu ambaye hujamuuliza.

Nawe kijana unayempenda baba yako, mnunulie kanzu, mnunulie tumbaku, kaa naye mzungumze. Usimpe shamba la mama yako. Utawapoteza wote wawili.