Nikiri Kwamba Nimeilaani Boti Niliyoifufua Mwenyewe?

Naomba jina langu mlifiche, maana ninaowasema hapa nao wanasoma ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nane, nina mapacha, naishi pembeni kidogo ya mji wa Bariadi. Nina hasira, nawaambia mapema, mkikuta neno kali mnivumilie.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Hakujaliwa mtoto wa kiume, basi spana nikashika mimi. Mume wangu, nitamwita Baba Kulwa, alikuwa karani wa ushirika. Lilipokuja hili soko huria na wanunuzi binafsi wakaingia vijijini na mizani yao, ushirika ukayumba, ukapunguza wafanyakazi na kuuza vitu chakavu. Wenzake waliwahi matairi na mabati. Yeye akarudi na boti kuukuu ya mbao, ile waliyokuwa wakibebea pamba ya wakulima wa kando ya ziwa. Boti, Bariadi! Majirani walicheka mpaka wakakaa chini. Wakamuuliza ataiendeshea wapi, kwenye lambo la ng'ombe?

Mimi sikucheka, niliiona injini yake ya dizeli. Niliing'oa, nikaifunga kwenye zege, tukafungua mashine ya kusaga. Injini ya namna ile hupozwa kwa maji ya ziwa, inayanyonya yenyewe kutoka chini ya boti. Sisi hatuna ziwa, kwa hiyo niliutumbukiza mpira wake kwenye pipa la maji. Imesaga mahindi ya kata nzima kwa miaka sita. Kazi ya Baba Kulwa ilikuwa kuzungusha hendeli asubuhi, halafu kupiga soga na wateja.

Mwaka huu tukakubaliana boti irudi majini, ibebe abiria na mizigo kutoka Lamadi, kule ziwani. Tukabadilisha mbao zilizooza. Nyufa nilizijaza mwenyewe kwa pamba ya shamba letu niliyoichovya kwenye mafuta. Injini tuliishusha ndani kwa mnyororo na wanaume wanne, nikakaa siku tatu naiweka sawa na shafti ya propela, mpaka ikazunguka kwa mkono bila kugoma. Ikabaki mpira wa kunyonya maji, ule wa zamani ulikuwa umepasuka. Nikaenda Nyalikungu kutafuta mpya. Kabla ya kupanda gari nilimwambia, "Baba Kulwa, usiiwashe mpaka nirudi. Maji hayajafungwa." Akajibu, "Nimesikia."

Hakusikia kitu. Mchana ule walikuja baba mkwe na wazee wa ukoo kutoka Nkoma kuiona boti. Mume wangu akapanda, kifua mbele, akazungusha hendeli. Ikawaka, wakapiga makofi, naye akaiacha iungurume ili wafaidi. Miaka sita pipa lilikaa pale pembeni ya injini na hakuwahi kujiuliza lina kazi gani. Sijui alidhani ni la kunawia mikono! Injini ikachemka, ikatoa moshi, ikakwama kabisa.

Niliporudi nilikuta kikao kimeshakaa. Baba mkwe akaniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, njoo ukae hapa." Nikakaa.

"Wewe ulipanda ndani ya chombo hiki?"

"Baba, nani mwingine alikitengeneza?"

Wazee wakatazamana. Mmoja akasema chombo cha majini hakipandwi na mwanamke kabla hakijatambikiwa, nami nimekitia laana ndiyo maana kimekufa. Nikamgeukia mume wangu, mtu niliyemwonya kwa mdomo wangu. Alikuwa anachorachora chini kwa kijiti.

Wakaamua kwamba Jumamosi moja baada ya mavuno achinjwe kondoo, niteme maji ubavuni mwa boti kuitoa laana na kusema mbele ya ukoo wote kwamba nimekosa. Baada ya hapo nisiiguse tena.

Kesho yake Baba Kulwa akaniambia, "Mama Kulwa, wewe sema tu yaishe. Neno haliumi." Halafu, bila haya, akaongeza, "Ila hiyo injini itengeneze kabla ya siku yenyewe, watu wakiwa shambani. Ukishasema, nitaiwasha, wazee waone laana imetoka."

Mmemsikia? Yaani uongo wake niutengeneze kwa spana za baba yangu! Na hilo neno lisilouma limeshaanza kuniuma. Jirani mmoja alikuwa ameniachia cherehani yake niitengeneze. Wiki iliyopita alikuja kuichukua ikiwa bado mbovu. "Wabeja, mama," akanishukuru, macho kayaelekeza pembeni, "nitampelekea fundi mwingine." Nimezitengeneza cherehani za mtaa huu tangu sijaolewa.

Nilitaka niiache injini ife. Lakini mashine ya kusaga haipo tena, na wanangu watakula nini? Nikaifungua. Kile kipira cha ndani ya pampu kinachozunguka kusukuma maji kilikuwa kimesagika vipande vipande kwa kukosa maji, nimevifunga kwenye kitambaa kama ushahidi. Pistoni nilizilegeza kwa mafuta siku kadhaa, nikabadilisha ringi, gasketi na kile kipira cha pampu. Jumapili Baba Kulwa akiwa kanisani nikatumbukiza mpira mpya kwenye pipa, nikazungusha hendeli. Iliwaka mara ya kwanza. Nililia, sifichi.

Kisha nikafungua nati moja ya mrija wa dizeli. Ninayo hapa, nimeifunga fundo kwenye kona ya kanga. Bila hiyo atazungusha hendeli mpaka mikono iote malengelenge.

Kikao ni Jumamosi hii. Nikiirudisha kimyakimya na kusema nimekosa, boti itawaka, na mpaka nakufa nitakuwa mwanamke aliyekiri laana, hata nati ya cherehani hakuna atakayenipa niikaze. Nikikataa, nikapanda mbele yao na kuifunga na kuiwasha mwenyewe, ukoo mzima utajua mume wangu ni mwongo, na sidhani kama nitakuwa na ndoa tena.

Nishaurini, wenzangu. Nati hii niifunge kabla wazee hawajafika, au niifunge wakiwa wananitazama?