Bati la Bi Mkubwa

Wivu wangu haufichiki, bora niseme mwenyewe. Mume wetu ni mtendaji wa kijiji. Mke mwenzangu, bi mkubwa, kaezeka bati jipya, na mimi bado nalala chini ya makuti. Nikajua tu mshahara wote unakwenda kule.

Kwenye mkutano wa kijiji nikasimama, nimejikwatua.

“Mtendaji atutajie mshahara wake. Wananchi tuna haki.”

Watu wakapiga makofi. Mume wangu akautaja.

“Na hela zinakwenda wapi?” nikamkazia.

Bi mkubwa akajibu kwa upole, “Mdogo wangu, bati nimenunua kwa kaa ninaowauza Kibiti. Mshahara wake sijauona tangu uolewe.”

Mkutano mzima ukageuka kuziangalia hereni zangu mpya za dhahabu.